Gari Lililovuta Kushoto

Juzi nilipeleka gari langu kwenye gereji moja mjini Kericho, maana usukani ulikuwa umeanza kukaa upande. Kijana wa pale aliliingiza juu ya jukwaa la chuma, akabandika vidude fulani kwenye magurudumu, na kompyuta ikaanza kuchora mistari ya kijani na nyekundu. Hakuongea na mtu. Hakuhitaji mtu. Aliingia chini na spana, akatoka, akapangusa mikono yake kwa kitambaa.

"Mathe, imekaa sawa. Sasa hata ukiacha stelingi itaenda tu moja kwa moja."

Nikabaki nimesimama. Akaniuliza kama kuna shida nyingine, nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini yule mtoto? Kwamba kazi aliyoimaliza peke yake kabla chai yangu haijapoa, nyumbani kwetu Boito ilikula Jumamosi baada ya Jumamosi? Kwamba ilifanywa na watu wawili ambao, walipoianza, walikuwa hawasemezani?

Kwa hivyo nakuambia wewe, rafiki yangu, kwa sababu najua nawe una ua wa kwenu unaoukumbuka.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sisi tulikuwa wageni pale, watu tuliotoka upande wa Maragoli tukakuta Wakipsigis wakatukaribisha. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, na mbele yake palikuwa na ua mpana uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Ua ulipoishia, chai ilianzia. Ilishuka bondeni, ikapanda ng'ambo, ikaendelea mpaka macho yakachoka. Kila alasiri mvua ilikuja bila kubisha hodi, na ilipopiga mabati tuliongea kwa ishara. Ikiisha, harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani ilitufikia, tamu kidogo, kama mkate unaotaka kuungua. Hata leo harufu hiyo ikinipata barabarani, nateremsha kioo cha gari.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka pale senta, na sketi za shule za wasichana wengi wa Boito zilipita mikononi mwake. Lakini kitu chake cha moyoni kilikuwa ng'ombe mmoja. Babake alimpa alipozaliwa mdogo wangu, ng'ombe akiwa bado mtamba, hajazaa, akatembezwa kwa miguu kutoka kwao mpaka kwetu. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na Mama akamwita Nyota. Asubuhi nilimkatia majani, Mama akamkama huku akimwimbia kwa sauti ya chini, na maziwa yale yakawa chai yetu, uji wetu, na kila kitu kizuri tulichokula. Mengine nilimpelekea jirani yetu, mama mmoja wa Kikipsigis aliyekuwa mchumaji wa chai. Yeye aliyamimina kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, akayaacha yagande yawe mursik, kisha akaturudishia sehemu yetu. Tulikula nayo ugali na isagek, zile mboga chungu ambazo huwa tamu zikilala kwenye maziwa. Jirani alimwita Mama "dada," na hakuna siku niliyosikia Mama akimwita vingine.

Sasa, injinia mmoja wa kiwandani, Mzungu, alikuwa anarudi kwao na akawa anauza vitu vyake. Baba alianza kupita huko kila jioni baada ya shule. Tulijua anaangalia gari. Tulidhani anaangalia tu.

Asubuhi moja akasema anampeleka Nyota dipu, kuogeshwa dawa ya kupe. Mama akamwambia asikawie, maana kuna kukama. Jioni tulisikia honi. Baba akaingia uani ndani ya gari la rangi ya maziwa, boneti lake limevimba kama mgongo wa kobe, taa mbili za mbele zikitukodolea macho. Watoto wa jirani walilikimbilia. Mimi na mdogo wangu tulilikimbilia. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, ndoo ya kukamia mkononi.

"Nyota yuko wapi?" akauliza.

"Sasa tutakuwa tukienda kanisani kama watu," Baba akasema, akicheka cheko ambalo halikufika machoni.

"Nimeuliza Nyota yuko wapi."

Baba akasema kuna mkulima wa huko Chepseon aliyemnunua, mtu mzuri, ana malisho mengi. Mama aliiweka ndoo chini taratibu, akaipindua mdomo chini, akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo hakumsemesha Baba. Si kwamba aligombana naye. Alipika, akafua, akashona kola za mashati yake zilizochakaa. Lakini maneno yake yote yalipitia kwangu. "Mwambie babako chakula kiko mezani." "Mwambie babako kuna mzazi wa mtoto amekuja kumtafuta." Na Baba, akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, naye akasema, "Mwambie mamako ninakuja." Nilikuwa posta ya nyumba ile. Nilibeba maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, na usiombe kazi hiyo. Nilijifunza kulainisha. Mama akisema, "Mwambie babako kuni zimeisha, labda apasue gari," mimi nilisema, "Baba, kuni zimeisha."

Na hilo gari lenyewe, rafiki yangu, halikuwa zima. Lilikuwa limelalia upande wa kushoto kama mtu aliyeumwa na jino, na lilivuta huko huko. Baba akiliendesha alionekana kama anayeshindana na fahali, mikono yote miwili imevutwa kulia ili gari liende mbele. Jumapili tulikwenda kanisani ndani yake, mimi, Baba na mdogo wangu, huku Mama akitembea kando ya barabara na mwavuli wake. Baba alilipeleka polepole ili awe sambamba naye. Ila kila gari lilipovuta kushoto lilimsogelea Mama, naye akasogea kwenye majani bila kugeuza shingo. Watu wa Boito walituona. Jirani yetu alicheka hadi akashika kiuno.

"Mwalimu," akasema, "hii kari yako iko na macho moja tu, ya huko kushoto!"

Jirani huyo alikuwa na mimba kubwa wakati huo.

Uchungu ulimshika alasiri moja, mvua ikiwa inamwagika. Mumewe alikuwa ameenda kwao kuangalia mifugo. Hapakuwa na gari lingine karibu, na hospitali ya misheni ilikuwa mbali, huko Kaplong. Baba alilisogeza gari hadi mlangoni kwake. Mama alimshika, akamtoa nje, akamwinamisha aingie kiti cha nyuma, kisha akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa amewahi kutia mguu ndani ya gari lile. Jirani alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Dada," akasema, "usiniache na mwalimu."

Mama akaingia.

Mimi nilipakiwa mbele kwa sababu vifuta mvua vya kioo vilikuwa vimekufa. Kazi yangu ilikuwa kutoa mkono dirishani na kupangusa kioo kwa kitambaa. Mkono ulikufa ganzi hadi kwenye bega. Barabara ya murram, udongo mwekundu mtupu, ilikuwa imegeuka uji. Nyuma nilimsikia jirani akivuta pumzi kama anayepanda mlima, na sauti ya Mama, ile ile aliyokuwa akimwimbia Nyota. Kwenye kona moja baada ya daraja, gari lilivuta kushoto, Baba akavuta kulia, na matope yakaamua. Tuliacha barabara taratibu kabisa, kama mtu anayesinzia, tukaingia katikati ya chai na kusimama tumeinama.

Mtoto hakungoja tena.

"Mwambie babako atoke nje," Mama akasema. Hata pale. Hata wakati ule.

Baba alikuwa ameshasikia. Alitoka akasimama kwenye mvua, ametupa mgongo, maji yakimtiririka kwenye koti lake la kufundishia. Mimi niliambiwa nitazame mbele, na nilitazama mbele. Nilitazama vichaka vya chai vilivyobanwa na bampa hadi nikavijua jani kwa jani. Nilimsikia jirani akiita mamake kwa Kikipsigis. Kisha kikawa kimya ambacho sijawahi kukisahau, kwa sababu mtoto alikuwa ametoka na halii. Nikasikia Mama akimsugua, akimsugua, akimwambia, "Lia. Lia, mama. Lia hata kidogo." Baba, huko nje, aliweka mikono yake miwili juu ya boneti na kuinamisha kichwa.

Mtoto akalia. Alikuwa msichana. Mama akamfunika kwa leso yake, akafunga kitovu kwa uzi wa kushonea aliokuwa nao mfukoni, kazi ya makasi akawaachia manesi.

Wachumaji waliokuwa wamejikinga kwenye banda la kupimia chai walituona wakaja mbio, vikapu vingali mgongoni. Walilibeba lile gari, na watu ndani yake, wakalirudisha barabarani wakiimba. Kaplong tulifika. Jirani na mtoto wakawa wazima, na mtoto akapewa jina la mvua kama ilivyo desturi ya kwao. Wakati wa kurudi tulikuwa watatu tu, Mama akiwa kiti cha nyuma, ambacho hakikuwa kisafi tena. Nilingoja nipewe ujumbe wa kupeleka mbele. Haukuja.

Jumamosi iliyofuata Mama hakwenda senta. Alitoka jikoni na futi yake ya kushonea shingoni na chaki ya kuchorea nguo mkononi.

"Mwambie babako hii gari haitabeba mgonjwa mwingine ikiwa hivi."

Baba alikuwa na kitabu cha gari, alichoachiwa na yule injinia. Alikuwa amekisoma jioni nyingi, kazi akawa haianzi, maana kila ukurasa ulitaka mtu wa pili. Alikileta mbio. Tulisukuma gari hadi katikati ya ua, mahali ambapo maji ya mvua hayakwenda upande wowote. Mimi niliwekwa kwenye usukani, niushike usicheze. Mama alichora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma. Kazi ilikuwa wapime umbali kati ya alama hizo mbili, kisha gari lisukumwe mbele hadi alama zije upande wa mbele, wapime tena. Kitabu kilisema mbele pawe pembamba kidogo kuliko nyuma, kama mtu aliyesimama vidole vya miguu vikiangaliana. Magurudumu yetu yalikuwa yanatazama nje kama miguu ya bata.

Basi walilala chini, kila mmoja upande wake wa gari, futi ikipita kati yao.

"Mwambie babako avute," Mama akasema kutoka chini kushoto.

"Baba, vuta."

"Mwambie mamako nimevuta. Inasoma ngapi?"

"Mama, inasoma ngapi?"

"Mwambie ameachilia tena!"

"Baba, umeachilia tena."

"Eh?"

Tuliendelea hivyo hadi shingo ikaniuma. Kila neno lilipanda kwangu likashuka ng'ambo, na likifika, futi imeshalegea. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti anatafuna hindi, ametuacha wote na wazimu wetu. Ndipo futi ikachomoka tena, ikamchapa Mama kwenye kidole, na Mama akapaza sauti.

"Si uvute! Vuta huko kwako!"

Hakusema mwambie. Hakusema babako. Niliushika usukani kwa nguvu zote, kana kwamba nikiuachia maneno yale yatatoroka. Kisha Baba akajibu, kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia.

"Nimevuta, mama watoto."

"Shika hapo."

"Nimeshika."

Nikafutwa kazi ya posta, nami sikulipwa kiinua mgongo.

Usifikiri gari lilipona siku hiyo. Walilegeza nati, wakazungusha kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, wakapima, wakakaza. Baba akaliendesha hadi senta na kurudi, likawa baya kuliko mwanzo. Walikaa chini wakaumiza vichwa. Mwishowe Mama aliitazama futi yake, akaivuta kwa mikono miwili, akaona. Ilikuwa ya kitambaa. Ilikuwa inavutika.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameanza kutoka nje na mtoto mgongoni, akaja kuota jua na kutazama sinema ya watu wazima waliolala mchangani. Aliposikia shida, alikwenda kwake akarudi na ufito wake wa kazi, ule mrefu na mnyoofu ambao wachumaji huulaza juu ya vichaka ili chai ikatwe ikiwa sawa kama meza.

"Hii haivutiki," akasema. "Wekeni alama juu yake."

Wakaweka alama juu yake, kwa chaki. Na kwa kuwa gari lilikuwa bado limelalia kushoto, Baba akaingia chini ya springi ya upande huo. Ilikuwa ya vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kimoja kilikuwa kimekatika. Wakatafuta kingine kwenye lori bovu lililooza nyuma ya duka la senta, wakaomba, wakapewa. Mama alishika taa mchana kweupe kwa sababu chini kule kulikuwa kama pangoni. Baba akiomba spana alimpa spana. Akiomba ile nyingine alimwambia ipi, sema jina lake. Mikono yake ya kushona ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, na siku moja nilimwona Baba akimpangusa shavuni kwa pindo la shati lake mwenyewe.

Kitabu kilisema gari lipimwe likiwa na mzigo, kama litakavyosafiri. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu kubwa. Jirani na mtoto wake wakaketi nyuma, mdogo wangu akaketi, gunia la viazi likaketi, na mimi kwenye usukani wangu. Tulikula mahindi na maharagwe humo ndani, sahani magotini, tukitazama chai kupitia kioo kama watu walio safarini, huku chini yetu sauti mbili zikiitana: huku kwangu tayari, huko kwako je?

Siku ilipotimia, Mama aliketi mbele. Tukatoka hadi kwenye barabara iliyonyooka kando ya shamba la kampuni. Baba akatazama mbele, akatazama nyuma, akainua mikono yake yote miwili kutoka kwenye usukani. Gari likaenda. Likaenda tu, katikati ya barabara, kimya, kama lililokuwa likijua njia siku zote. Mdogo wangu alipiga makofi.

Baba alikuwa bado ameinua mikono aliposema, "Nilikukosea. Alikuwa wako, nami nikakudanganya."

Mama alitazama chai ikipita dirishani.

"Shika stelingi," akasema. Kisha, "Nipeleke Chepseon nimwone."

Tulikwenda, Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa. Mkulima yule na mkewe walikuwa Wagikuyu waliohamia huko, watu wakarimu, na hawakuuliza tumefuata nini. Nyota alikuwa malishoni na wengine. Alikuwa amenenepa. Mama alisimama kwenye uzio wa miti, akaanza wimbo wake ule wa kukamia, chini chini, na kichwa chekundu chenye doa jeupe kikainuka. Nyota akaja hadi kwenye uzio. Mama alimkuna nyuma ya masikio kwa muda mrefu, akimwambia mambo yake. Baba alikaa kando ya gari, kofia mkononi, hakusogea. Yule mama mwenye nyumba alitupikia chai. Mama alionja, akafumba macho.

"Ni yeye," akasema. "Maziwa haya ni yake."

Hakuomba arudishiwe. Alimaliza chai yake, akaaga vizuri, akaingia garini.

Lile gari liliishi nasi miaka. Lilipeleka wengine wengi Kaplong, na mtoto wa mvua alikua akilidai kuwa ni lake. Baadaye vipuri vilikosekana, likakaa nyuma ya nyumba kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na siku moja wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba alitutangulia, Mama akamfuata. Jirani alizeeka akahamia kwa wanawe. Ua wetu nao umepandwa chai hadi ulipokuwa mlango. Nilipita pale mwaka jana nikasimamisha gari, na sikuweza kujua tulikuwa tukipimia wapi. Sketi za shule siku hizi zinatoka kiwandani. Maziwa yanatoka kwenye pakiti, na mjukuu wangu akinywa mursik anakunja uso.

Lakini kama ningepewa kurudi, nisingeomba ua, wala gari. Ningeomba ile njia ya kutoka Chepseon. Jua lilikuwa linazama na baridi ya milima inaingia kupitia ufa wa mlango. Mdogo wangu alikuwa amelala, kichwa chake mapajani mwangu. Nami nilikuwa nimefumba macho nusu, nimejikunja kwenye kile kiti. Mbele, wazazi wangu walikuwa wakizungumza kwa lugha ya kwetu, polepole, kama watu wenye njia ndefu mbele yao. Sikumbuki walisema nini. Ningeweza kusikiliza, nilikuwa macho. Lakini hapakuwa na neno la kupeleka kwa mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nililala.